Mdogo Wangu Anayewakalisha Wakubwa Kitako

Watu wakinikuta njiani wananicheka kabla sijafungua mdomo. Wananiita Bibi Kikao. Mimi si Bibi Kikao. Bibi Kikao ni mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja mama mmoja, na sura tumegawana mpaka ndugu wa mbali wanatuchanganya. Yule mnayemwona kwenye televisheni kila Ijumaa jioni, amekaa kwenye kiti cha mbao na mkoba mapajani, akiwauliza wakubwa maswali mpaka jasho linawatoka, ni yeye. Mimi sijawahi kuingia humo na sitaingia. Kwa kuwa kila mtu anamsimulia anavyotaka, nami nitamsimulia ninavyomjua. Asiyependa akamuulize mwenyewe, atajibiwa kwa swali.

Tangu mdogo alikuwa mtoto wa kukodoa macho. Mama akiuliza nani kamwaga maziwa, yeye hajibu wala hakatai, anamtazama mama tu, mpaka mama mwenyewe anaanza kujieleza: labda niliacha sufuria wazi, labda ni paka. Mimi niliyesema kweli papo hapo ndiye niliyechapwa. Nikimkumbusha anasema nimesahau, haikuwa hivyo. Nakumbuka vizuri sana, miguu iliyochapwa ilikuwa yangu.

Alipokuwa mkubwa akapata kazi mapokezi, kwenye ofisi moja kubwa ya serikali, akakaa pale mpaka akastaafu. Kazi yake ilikuwa kusema mkubwa hayupo. Mkubwa yuko ndani, kapandisha miguu mezani anatafuna karanga, na mdogo wangu anamwambia mtu aliyetoka mbali na mgonjwa mgongoni kwamba mkubwa yuko kikaoni, aje kesho. Kesho anaambiwa kesho kutwa. Alikuwa anakuja kwangu amevaa viatu vya kisigino, anakaa, ananisimulia nani anatokea mlango wa nyuma na nani anajifungia chooni akisikia sauti za watu. Anasimulia kwa raha kabisa. Nilimwambia kazi hiyo ni ya kulinda uongo. Akasema dada, wewe umezoea kuuza mkaa, mambo ya ofisini huyajui. Tukanuniana muda mrefu.

Basi huyo ndiye aliyekuja kufanywa mtetezi wa wanyonge.

Ilianza hivi. Kulikuwa na kijana mmoja wa televisheni, mtayarishaji wa vipindi, nywele zimesimama kama burashi ya viatu. Alikuwa na kipindi cha kuwachezea wakubwa. Vijana wake wanavaa suti za kuazima, wanajifanya waandishi wa habari kutoka nje, wanaingia kwa mkubwa na kumuuliza upuuzi wakiwa wamekaza sura, ili mkubwa ajibu upuuzi naye amekaza sura. Lakini wakubwa wakawashtukia. Wakiona tu kijana na maikrofoni, wanaita askari. Siku moja vijana hao walikuwa wanatolewa mkuku kwenye jengo fulani, na mdogo wangu yupo hapo kwenye benchi, amestaafu, anafuatilia mambo yake, na yeye leo kaambiwa mkubwa hayupo. Akamwona mkubwa anatoka. Akasimama, akamwambia, mwanangu hebu njoo. Mkubwa akaja, afanyeje, kaitwa na mtu mzima. Akamuuliza, wewe upo au hupo? Akasema nipo, mama. Akamuuliza, sasa huyu niliyeambiwa hayupo ni nani? Halafu akamkodolea yale macho ya maziwa. Mkubwa mlango wa gari uko wazi, dereva anangoja, na yeye amesimama anajieleza, anajieleza, mpaka akasema hata yale ambayo hakuna aliyemuuliza. Yule mwenye nywele za burashi alikuwa kwenye ngazi anayaona yote. Hakumwacha tena.

Kipindi wakakiita Kikao na Bibi. Siri yake ni moja tu na kila mtu anaijua, hata wanaonaswa: mtu aliyelelewa haondoki mbele ya mama mtu mzima ambaye hajamaliza kuongea. Kijana utamfukuza. Mwandishi utamwambia muda umekwisha. Bibi aliyekuita mwanangu, aliyeitikia shikamoo yako na kuuliza hali ya watoto, utamfanyaje? Unakaa. Na ukikaa umekwisha.

Waziri wa barabara aliulizwa, mwanangu, hii barabara mpya umeipita? Akasema nimeipita, mama, nzuri sana. Akamuuliza, na mwaka jana ulipoizindua ilikuwa nzuri hivi hivi? Kisha mdogo wangu akamkodolea macho. Yule waziri aliongea peke yake mpaka akaomba maji. Meya alishikishwa uzi wa kufumia. Mikono mbele, imetanuliwa kama ya mfungwa, na mdogo wangu anauzungusha ule uzi kuwa donge, taratibu, huku anamuuliza habari za soko lililoungua. Meya pua inamuwasha na hawezi kuikuna. Mkuu wa polisi wa barabarani naye alipokuwa anatoa takwimu zake, mdogo wangu akasinzia, kichwa kikaanguka kifuani. Mtu mzima yule, na nyota zake mabegani, akashusha sauti asimwamshe. Akamaliza hotuba kwa kunong'ona.

Mtaa mzima unacheka. Mimi sikucheka, na nilimwambia kwa nini. Nilimwambia unaiba. Wale hawakukaa kwa sababu yako, walikaa kwa sababu mama zao waliwafundisha kukaa, na wewe unaitumia kazi ya mama zao kama mtego wa panya. Wakishachoka kunaswa watakuwa wanamkimbia kila bibi wanayemwona, na sisi wenye shida za kweli tutaongea na nani? Akaniambia, "Dada, maisha yangu yote nilikuwa naufunga ule mlango. Niache niufungue kidogo kabla sijafa." Nikamwambia unaufungua watu wachungulie wacheke, huufungui watu waingie. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Ukapita muda mrefu. Wakubwa kweli wakawa waoga, wakikataa kukaa mbele ya kamera, na yule kijana naye akaanza kuzificha kamera. Anaziweka kwenye vyungu vya maua, kwenye vifungo vya koti, sijui kwenye nini. Ikawa hakuna mkubwa anayejua lini yuko kwenye televisheni na lini hayupo.

Sasa nije kwenye yaliyonipata mimi.

Mimi naishi kwenye nyumba aliyoijenga baba. Chumba cha nyuma ndicho cha kwanza kujengwa, humo tulizaliwa sote wawili, humo mama alikata roho, na humo ndimo ninamolala. Nyuma yake pameota ghorofa. Maji machafu ya ghorofa yote yanapita kwenye bomba la zamani lililolazwa enzi za nyumba za chini, na bomba likapasuka mahali, maji yakaanza kutokea kwangu. Yananuka, lakini harufu si shida yangu kubwa. Shida ni kwamba yalikuwa yanakula udongo chini ya ukuta. Ukuta ukaanza kuachana na paa. Fundi mwashi akaja, akaugonga kwa nyundo, akaniambia bibi, hili bomba lisiporekebishwa kabla ya mvua, chumba hiki unakizika. Nikasema kama ni kuzikwa nitazikwa nacho, mimi sihami. Akasema basi mwahi mkubwa wa maji.

Nilivaa vizuri nikaenda. Mlinzi wa getini akaniona tu akaanza kucheka cheka, akasema Bibi Kikao leo umekuja kumkalisha nani. Nikamwambia mimi si yeye. Akasema sawa sawa, akakimbia ndani mbele yangu. Watu walikuwa wamejaa kwenye foleni, wengine wamekaa sakafuni. Mimi nikaitwa moja kwa moja. Nikaingia na kichwa juu, nikidhani wameheshimu mvi zangu.

Mkurugenzi wa maji alikuwa amesimama katikati ya ofisi, anachana nywele. Akaniamkia kwa sauti kubwa kama anaongea na kiziwi. Akanivutia kiti. Nikaanza kueleza habari ya ukuta, na nikaona hanitazami usoni, anaitazama pini ya mtandio wangu. Kila nikimaliza sentensi anaijibu ile pini. Anasema ofisi hii mwananchi ndiye bosi, kwenye ofisi hii hakuna njoo kesho. Akageukia ua lililokuwa kwenye kona, akaliambia kwamba tangu achukue uongozi mambo yamebadilika. Hapo nikaelewa.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si mtu wa televisheni. Hakuna kamera hapa."

Akanikonyeza. "Naelewa kabisa, mama. Hakuna kamera."

Nikarudia. Akakonyeza tena, akapiga simu mbele yangu, akaamuru mafundi waende siku hiyo hiyo. Mimi nilikwishasema kweli mara mbili. Kama mtu hataki kuisikia, nimpige? Nikaondoka. Kweli mafundi wakaja jua halijazama, wakachimba mtaro kutoka kwenye ghorofa mpaka kwenye ukuta wangu, mrefu kama kaburi la nyoka, wakalikata bomba la zamani, wakasema Jumatatu wanalaza jipya.

Ijumaa ikafika. Mkurugenzi, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa amewakusanya ndugu, wakwe na wafanyakazi wake nyumbani kujitazama. Kipindi kikaanza, kumbe aliyekalishwa ni mtangazaji wa mpira. Akapiga simu televisheni kuuliza yeye anatoka lini. Wakamwambia wewe humo, Bibi hajakanyaga kwako.

Jumatatu mafundi hawakuja. Mtaro umebaki wazi, bomba limekatwa, na sasa maji yote ya ghorofa yanashuka mtaroni yanapiga mguu wa ukuta wangu. Kabla yalikuwa yanavuja, sasa yanamwagika. Nikarudi ofisini. Yule mlinzi hakucheka safari hii. Akaniambia mkubwa hayupo. Nikamwambia gari lake hili hapa. Akatoka karani, msichana ana kucha ndefu, akaniambia kwa sauti ya chini, labda alikuwa anaona aibu, kwamba mkubwa amesema nilimtapeli. Nilijifanya Bibi Kikao ili nipate huduma.

Yaani mimi. Mimi niliyembeba yule mgongoni, niliyemfundisha kufunga vifungo, naambiwa nimeiga sura yake. Sura niliyotangulia kuwa nayo.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwake moja kwa moja, huko kwenye nyumba yake ya ngazi. Sikuketi. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, na nikamwambia umeona sasa. Uzee wetu ulikuwa kitu kimoja tu tulichobaki nacho, umekigeuza kichekesho, leo nikisema ukuta wangu unaanguka watu wanatafuta kamera. Yeye alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya. Kisha akasema atamwambia yule kijana, watampanga mkurugenzi, watamkalisha mpaka ajute kuzaliwa. Nikamwambia kamera haivuki kizingiti changu wala haifuatani na mimi, haki yangu si ya kuchekewa na watu wanaokula chakula cha jioni. Akasema wewe dada umekuwa mbishi tangu zamani. Nikamwambia na wewe umekuwa mjanja tangu zamani, ndiyo maana mmoja wetu analala kwenye maji machafu.

Akaweka kisu chini. Akaniuliza kama chumba chenyewe ni kile cha mama. Nikamwambia kingine kipi. Akavaa viatu.

Njiani tulibishana mpaka kondakta wa basi akatusihi tupunguze sauti, tulibishana tukishuka, tulibishana mpaka getini kwa mkurugenzi. Lakini getini hakuenda mbele. Alinishika mkono akanizungusha nyuma ya jengo. Akasema ofisi zote zina mlango huo, na mkubwa anayejificha watu akimaliza kula hutokea huku. Pale nyuma ndipo wanapoegesha magari, na foleni ya watu ilikuwa imetoka ndani ikazunguka mpaka huko, kwa kuwa hapo pana kivuli cha ukuta. Tukasimama karibu na gari lake. Yeye na mkoba, mimi na mtandio.

Mkurugenzi akatoka anajifuta mdomo kwa leso. Akatuona wawili. Akarudi nyuma hatua, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akatazama juu kwenye paa, chini ya gari, halafu akakumbuka adabu.

"Shikamooni, mama zangu."

Mdogo wangu akaitikia. Mimi sikuitikia. Ningefungua mdomo yangetoka matusi. Akamgeukia mdogo wangu, akadhani ndiye mimi, akaanza kulalamika kwamba amenisaidia nami nimemvunjia heshima mbele ya wakwe zake. Mdogo wangu akamkodolea yale macho. Akanigeukia mimi apate nafuu, akakuta macho yale yale, tena yangu yamewiva zaidi. Foleni yote imegeuka kutazama. Basi akaanza, kama wote wanavyoanza.

Akasema yeye ni mtu wa watu. Akasema mafundi ni wachache. Akasema, "Siku ile niliwatoa mafundi hospitali, mama, hospitali, nikawaleta kwako. Ningejua hakuna kamera ningewatoa?"

Halafu akasikia alichokisema.

Kulikuwa na seremala kwenye foleni, ana msumeno wake umefungwa gunia, amekuja kwa shida zake. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo na sisi wengine tutafute kamera?" Watu wakacheka, lakini si kile kicheko cha Ijumaa jioni. Kilikuwa kicheko cha watu waliosimama tangu asubuhi. Mama mmoja akasema yeye ana mwaka anaambiwa mkubwa hayupo. Mwingine akasema hata hospitali waulizwe kama wanajua bomba lao liliachwa kwa nini. Wakatoka kwenye mstari, wakamzunguka, hakuna aliyemgusa, ila hakuna aliyempisha kwenye mlango wa gari.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikamwambia, "Mwenye ukuta ni mimi. Huyu ni mdogo wangu. Nilikuambia hakuna kamera ukanikonyeza. Na leo pia haipo, yote haya umeyasema bure."

Mafundi walirudi siku hiyo hiyo, na wengine walirudishwa kwenye bomba la hospitali, hilo nililihakikisha kwa kuuliza. Walilaza bomba jipya, wakafukia. Ukuta haukuanguka. Una ufa kutoka dirishani mpaka chini, mkono unapita, na mwashi ameuegemeza kwa nguzo upande wa nje. Anasema utasimama. Nalala humo humo.

Mkurugenzi naye hakukoma. Walipomaliza kufukia alikuja mwenyewe, na mpiga picha wake, apigwe akiwa na mimi mbele ya kazi iliyokamilika. Akanyoosha mkono. Nikauweka wangu ndani ya mtandio. Akabaki ameunyoosha, anatabasamu, mpiga picha anangoja. Nikamwambia aliyesaidiwa ni ukuta, apeane mkono nao. Sijui picha ilitoka vipi, mimi niliingia ndani nikafunga mlango.

Kesho yake ndipo alipokuja yule kijana wa nywele za burashi, na mdogo wangu nyuma yake. Habari zilimfikia, foleni nzima ilikuwa inasimulia. Alitaka tuirudie yote, mimi na mdogo wangu, wawili kwa pamoja kila Ijumaa, alisema nchi nzima itasimama. Anaongea kwa mikono. Sikumfungulia, tuliongea dirishani. Nilimwambia akanyage sehemu nyingine. Akamgeukia mdogo wangu ili anibembeleze. Yeye akawa anautazama ule ufa, akapitisha vidole vyake humo, akasema mama angelia. Kisha akamwambia yule kijana kwamba habari hii haitoki. Wala ya mkurugenzi, wala ya wale watu wa foleni. Kijana akasema lakini Bibi, hii ndiyo bora kuliko zote. Akamwambia, "Hiyo si ya kwangu. Ni ya dada."

Waliondoka. Ijumaa iliyofuata alimkalisha mwenye kiwanda cha saruji, nikasikia majirani wanapiga vigelegele vya kicheko ukuta wa pili. Mimi nilizima taa nikalala. Bado nasema anachofanya ni wizi, na nikikutana naye namwambia, na yeye bado anasema mimi ni mbishi. Lakini yangu hajayatoa mpaka leo, na amebembelezwa sana. Hilo nampa. Mengine simpi.